Kompyuta yarudi mwaka 2011 kila asubuhi, na mchana yajizimia. Madabodi kweli imekufa?

BintiMvita:

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nimekuja na kilio. Mnivumilie kwa urefu, maana nikifupisha mtaniuliza yale yale niliyoyaacha.

Nina kompyuta ya mezani, ile ya sipiyu kando na skrini kando. Niliinunua mtumba mwaka 2019. RAM (kadi za kumbukumbu) ni GB 8, diski GB 500, Windows 10. Ndiyo mlango wangu wa riziki: nachapa mitihani ya vyuo (chuo cha Kurani, si chuo kikuu), kadi za harusi, barua za kuombea kazi, na katiba za vyama vya kina mama ambavyo huvunjika kabla sijalipwa. Nakaa ghorofa ya pili hapa Mji wa Kale. Dirisha laangalia bahari, na meza iko hapo hapo dirishani kwa sababu ya mwanga.

Maradhi yake ni matatu.

La kwanza lina kama mwezi sasa. Nikiiwasha asubuhi yaniletea maandishi meupe kwenye kiza, yataka nibonyeze F1. Nikibonyeza yaendelea, lakini tarehe kule chini pembeni yasema 1 Januari 2011, saa sita na dakika mbili usiku. Na hapo hakuna tovuti itakayofunguka. Barua pepe yaniambia muunganisho si salama, kana kwamba mimi ndiye mwizi. Wi-Fi ni nzima, simu yangu yaingia kwa Wi-Fi hiyo hiyo bila taabu. Niligundua mwenyewe kwamba nikiirekebisha tarehe, mambo yafunguka. Kesho yake ni 2011 tena.

La pili: siku nyingine, hasa asubuhi za mvua hizi za masika, haiwaki. Feni yazunguka, taa yawaka, lakini skrini nyeusi, na sipiyu yalia tii, tii, tii bila kukoma. Nazima nawasha, nazima nawasha, mara ya nne au ya tano yakubali kama punda aliyechoka kupigwa.

La tatu ndilo lanitoa machozi. Yazimika pap, katikati ya kazi. Haigandi, haitoi onyo. Yazimika kama imekatiwa stima, na stima ipo, pangaboi la dari lazunguka. Jumatano nilikuwa nachapa mtihani wa fiqhi, ikazimika mara tatu kati ya adhuhuri na alasiri, na mara ya kwanza nilikuwa sijahifadhi. Kurasa mbili nilizozitia irabu moja moja zikenda.

Nilimwita fundi. Aliifungua, akaitazama dakika tano, akasema madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa: nyingine 9,500, ufundi 2,000 juu. Kisha akaongeza kwamba hata nikiibadilisha nitakuwa nimetupa pesa, kwa kuwa Windows 10 nayo imekufa. Alipokuwa akifunga begi lake akasema kama naona ni mzigo, yeye ataichukua kwa 1,500. Hapo ndipo moyo ulipokataa. Tabibu gani akwambia mgonjwa wako kafa, kisha ataka kumnunua?

Mambo ya stima siyajui, lakini mikono ninayo, na bisibisi ya cherehani ninayo.

kijana_wa_Kisauni:

Hiyo ni virusi dadangu. Piga fomati, weka Windows upya, kwisha. Yangu ilikuwa hivyo hivyo.

BabuWaya:

Kijana, virusi havili betri. Akipiga fomati atapoteza kazi za watu, na kesho asubuhi atarudi 2011 akiwa na Windows mpya.

Waleikum salam, mwanangu BintiMvita. Mimi ni mstaafu, niko Majengo. Nilianza na redio za valvu, nikaja televisheni, nikamalizia na hizi zenu. Swali lako limeandikwa na mtu mwenye macho. Umetaja asubuhi, umetaja mvua, umetaja adhuhuri. Mafundi wengi hawaulizi saa. Ninavyoona mimi, una maradhi matatu mbalimbali yaliyokutana kwenye mwili mmoja, na fundi wako kayahesabu yote kuwa kifo kimoja.

Kabla ya bisibisi, siku itakapokubali kuwaka, nakili kazi zako zote kwenye flashi. Zote. Diski inayozimiwa ghafla kila siku haina ahadi.

Sasa tarehe. Kwenye madabodi kuna betri ya duara, yang'aa kama sarafu, imeandikwa CR2032. Hiyo ndiyo inayoishikia saa na mipangilio wakati sipiyu haina stima. Plagi ikiwa imechomekwa na soketi haijazimwa, hata kama kompyuta yenyewe umeizima, stima kidogo yaendelea kupita na betri yapumzika. Wewe nakuona ni mtu wa kuzima soketi ukutani kila usiku, kama tulivyolelewa sote. Usiache. Lakini ndiyo maana betri yabeba mzigo peke yake mpaka asubuhi, na hiyo yako huenda ni ile ile iliyokuja na mashine. Fanya jaribio: leo zima kompyuta, soketi usiizime. Kesho ukikuta tarehe ni sawa, mshtakiwa umempata bila kufungua skrubu hata moja.

Na tovuti kukukatalia ni kwa sababu hiyo hiyo. Kila tovuti yenye alama ya kufuli ina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2011, ukiionyesha cheti cha mwaka huu, yaona ni karatasi ya mtu ambaye hajazaliwa.

Ukibadilisha betri utaingia kwenye mipangilio mara moja, uweke tarehe na saa, uhifadhi. Watu huogopa kwamba mipangilio ikirudi ya kiwandani Windows haitafunguka. Yako imesharudi ya kiwandani kila siku mwezi mzima na Windows yafunguka, kwa hiyo huna cha kuhofia.

Milio. Kila kampuni ina hesabu yake ya milio, lakini mlio usiokoma, skrini nyeusi na feni inazunguka, mimi huanzia RAM. Meno ya RAM yamepakwa dhahabu, na dhahabu haishiki kutu. Tatizo ni kwamba upako wenyewe ni mwembamba kuliko utando wa maziwa, na chini yake mna nikeli na shaba. Dirisha wazi, bahari mbele, kusi limeanza: chumvi na unyevu vinakaa kwenye yale meno, na asubuhi ya mvua mguso wakatika. Ukiwasha mara nne tano mashine yapata joto kidogo, unyevu wapungua, yakubali. Punda wako hakuchoka kupigwa. Alikauka.

Dawa yake ni hii. Chomoa plagi, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili stima iliyobaki ndani imalizike. Shika gamba la chuma la sipiyu kwa mkono mtupu kabla hujagusa kitu. Sukuma vishikio vilivyo kwenye ncha za RAM, itajiinua. Ishike kwa kingo. Meno yafute kwa raba ya penseli, polepole, pande zote mbili, upanguse ungaunga wa raba kwa kitambaa safi. Nimewahi kuletewa RAM iliyosuguliwa kwa msasa; yule hakuhitaji fundi, alihitaji duka. Rudisha moja tu kwanza, uwashe. Kisha zima, chomoa tena, ujaribu nyingine pahali pale pale. Ina pengo moja katikati ya meno, basi yaingia upande mmoja tu. Ikikataa igeuze, usiilazimishe. Ikiingia sawasawa vishikio hujifunga na utasikia tak. Bila tak haijaingia, hata ikikaa vizuri namna gani machoni.

Lile boksi la chuma ambalo waya wa stima waingia, yaani pawa saplai, usilifungue. Mna kapasita ndani yake zinazoweka stima hata baada ya kuchomoa, na hazina utani.

La tatu silijibu bado. Mtu angesema ni joto, na mimi mwenyewe nusura niseme. Lakini kwanza niambie: kompyuta imechomekwa wapi? Nini kingine kimechomekwa hapo? Na zile mara tatu za Jumatano, ulikuwa ukifanya nini hasa? Usinijibu kwamba ulikuwa ukichapa. Ulikuwa ukichapa kwa vidole, au ukichapa kwenye karatasi?

KaraniLikoni:

Mimi nalijibu la Windows tu, mengine namwachia mzee.

Windows 10 haijafa kwa maana ya kuacha kufanya kazi. Microsoft waliacha kuitolea msaada tarehe 14 Oktoba 2025, yaani masasisho ya usalama yamekoma, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwa ule mwaka mmoja wa nyongeza. Kompyuta yako itaendelea kuwaka na kuchapa kadi kama jana. Hatari iko upande wa intaneti: mambo ya benki na malipo yafanyie kwenye simu, na usifungue kila faili linalotumwa. Windows 11 hiyo mashine yako haiipokei kwa njia rasmi, kwa kuwa yataka TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama ndani ya mashine) na prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu, na yako kwa tarehe hiyo ya 2011 ni ya zamani mno. Ukipata nafasi, Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, hukaa vizuri kwenye mashine za umri huo, na LibreOffice, programu yake ya kuandikia, yaandika Kiarabu kutoka kulia bila shida. Lakini usihamie wakati una mitihani ya watu mkononi.

Na ile 1,500, dada: ndani ya diski mna barua za kuombea kazi, nambari za vitambulisho, nambari za simu za maharusi. Siku utakayoiuza kweli, itoe diski ubaki nayo.

Hawa_Tudor:

Mwenzangu ukifungua angalia na mjusi. Yangu ilikuwa ikipiga kelele kama posho mill, nikaifungua nikakuta mayai mawili ya mjusi chini ya feni na vumbi limeganda kama sufi ya mto. Sikuwa na blowa, nikatumia mswaki mkavu na brashi ya rangi. Shikilia feni kwa kidole usiache izunguke unapoisafisha. Mayai niliyahamisha, sina roho ya kuyavunja.

BintiMvita:

Babu, shikamoo. Nilikaa na swali lako la mwisho nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza.

Jaribio la soketi nimefanya. Asubuhi tarehe ilikuwa sawa, dakika kwa dakika. Kweli huwa nazima ukutani. Marehemu mamangu alikuwa akipita chumba kwa chumba kabla ya kulala.

Vitu vyote vimechomekwa kwenye UPS, lile boksi la betri la kushikilia stima ikikatika: sipiyu, skrini, kile kidude cha Wi-Fi, na printa ya leza. Imeandikwa 650VA. Niliinunua siku moja na kompyuta na sijaifungua tangu hapo. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa, vyote vijifiche humo stima ikikatika.

Na Jumatano, mara zote tatu nilikuwa nachapa kwenye karatasi. Nimehesabu tena na tena. Mara ya kwanza printa ilivuta ukurasa nusu. Mara ya pili ilikuwa ndiyo kwanza nimebonyeza. UPS hulia kidogo kabla, lakini hulia siku zote, nimezoea kama mtu alivyozoea mtoto wa jirani. Asubuhi natumia vidole tu, karatasi natoa mchana nikimaliza, ndiyo maana nilidhani ni joto la mchana.

BabuWaya:

Marahaba. Basi tumefika.

Printa ya leza haitumii wino wa maji. Ule unga wake unayeyushwa kwenye karatasi na rola yenye moto, karibu nyuzi 200. Unapobonyeza, rola ile yavuta wati mamia kwa mara moja, kama pasi. UPS ya 650VA ina uwezo wa wati 360 hadi 390 hivi, na tayari imebeba sipiyu na skrini. Ukiiongezea pasi, ima yajikata kwa kuzidiwa, ima yaona stima imeshuka yarukia kwenye betri, na betri yenyewe ni ya 2019. Betri hizi za risasi hupenda baridi. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi kumi, umri wake wakatika nusu. Sasa niambie ni lini Mombasa mlikuwa chini ya 25 mchana. Ile kelele uliyoizoea ndiyo ilikuwa ikikwambia siku zote.

Printa ihamishe kwenye soketi ya ukutani, peke yake. Tazama na nyuma ya UPS: nyingi zina safu mbili za matundu, moja la betri na jingine la kuzuia stima ya ghafla tu. Printa ya leza haikai kwenye safu ya betri hata siku moja.

Kisha ipime UPS. Zima kompyuta, chomoa vyote, chomeka taa ya meza peke yake, uchomoe plagi ya UPS ukutani. Uhesabu. Taa ndogo yapaswa kukaa dakika nyingi. Ikizimika kabla hujahesabu mpaka kumi, betri ni jiwe. Hubadilishwa betri tu, nyingi za ukubwa huo hutumia ya volti 12, Ah 7 au karibu yake. Soma iliyoandikwa kwenye yako kabla ya kununua. Usinunue UPS nzima kwa kuambiwa.

kijana_wa_Kisauni:

Sawa babu. Lakini yangu kweli ilikuwa virusi.

BabuWaya:

Sijabisha.

BintiMvita:

Nimerudi. Imechukua siku nne kwa sababu ya mitihani, na kwa sababu ya betri.

Betri niliyopewa dukani mara ya kwanza ilikuwa CR2025. Muuzaji aliniapia ni moja. Nikaitia, yacheza kama jino la mtoto. Nikaketi kuzitazama hizi nambari, kumbe 20 ni upana, milimita 20, na zilizobaki ni unene: 32 ni milimita 3.2, na 25 ni 2.5. Nikarudi kwa miguu mpaka dukani na ile ya zamani mkononi, nikamwekea zote mbili mezani. Hakuapa tena. Sasa nazima soketi usiku, na asubuhi tarehe ipo, F1 haiulizwi.

RAM zilikuwa mbili za GB 4. Meno ya moja yalikuwa na madoa ya hudhurungi, na pembeni kabisa kijani kidogo kama sufuria ya shaba isiyosuguliwa. Nikachukua raba ya mwanangu wa darasa la nne, naye akasimama juu yangu kuhakikisha narudisha. Niliporudisha RAM ya kwanza ikalia tii tii vile vile, moyo ukadondoka, nikamkumbuka fundi na 9,500 yake. Kisha nikakumbuka tak. Sikuwa nimesikia tak. Nikasukuma kwa vidole gumba viwili mpaka nikaogopa nimeivunja, ikafanya tak. Nikawasha: mlio mmoja mfupi na skrini ikaja. Mvua imenyesha asubuhi mbili tangu siku hiyo na imewaka mara ya kwanza zote mbili.

Mjusi sikumkuta, Hawa. Nimekuta pini saba za mtandio na shilingi ishirini.

Printa iko ukutani. Nimetoa karatasi 64 za mtihani wa fiqhi mfululizo, na sipiyu haikutikisika. Taa ya meza kwenye UPS ilikaa mpaka nikahesabu nne. Betri nitainunua mwalimu akinilipa. Kwa sasa stima ikikatika nitapoteza kazi kama zamani, kwa hiyo nahifadhi kila nikimaliza aya.

Meza nimeisogeza hatua tatu kutoka dirishani. Mwanga umepungua na upepo siupati. Mume wangu asema sasa nafanana na karani wa mahakama.

Babu, swali moja. Tangu niihamishe printa, yaweka mstari mwembamba mweusi pembeni mwa kila karatasi, kutoka juu mpaka chini, pahali pale pale. Niifungue?

BabuWaya:

Mstari huo ulikuwepo kabla, hukupata kuona karatasi 64 kwa mpigo. Anzisha mada mpya, useme ni aina gani na uweke picha ya karatasi. Na mpaka nikujibu, ukiitoa ile katriji usiiguse silinda yake ya rangi kwa kidole, wala usiiweke dirishani. Mwanga waiharibu.